Emajensi: mgonjwa atulizwe maumivu, ila asirudi nyumbani na pakiti nzima ya opioidi

Kwanza tuelewane jamani, sisemi mtu aachwe na maumivu, aliyevunjika paja mpe morfini ya mshipa, mpe mapema, halafu rudi baada ya dakika kama 15 umuulize sasa maumivu ni ngapi kwa kumi. Shida inaanzia pale anaporuhusiwa, daktari zamu imemchosha, anafungua kompyuta anakuta vidonge 30 vya opioidi, yaani dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, vimeshajazwa, anabonyeza tu basi.

Kwa hiyo anzeni na hiyo namba. Kaeni na mfamasia na mtu wa aitii (kompyuta) muishushe iwe dozi ya siku 3, anayetaka zaidi aandike mwenyewe kwa mkono wake. Mwongozo wa 2016 wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ulisema maumivu ya ghafla siku 3 mara nyingi zinatosha na zaidi ya 7 ni nadra kuhitajika. Na viwe vidonge vya kawaida, vile vya kutoa dawa polepole masaa 12 sio vya mtu aliyeteguka jana.

Kabla ya hapo jaribu ibuprofeni miligramu 400 na parasetamoli miligramu 1000 kwa pamoja. Utafiti uliofanyika New York ukatoka 2017, watu wa maumivu ya mikono na miguu, baada ya masaa mawili waliopewa hizo mbili hawakuwa na tofauti ya maana na waliopewa vidonge vyenye opioidi. Ila uliza figo, vidonda vya tumbo na ujauzito, usiandike kwa mazoea.

Halafu kila daktari aonyeshwe takwimu zake, faragha, bila kuaibishwa. Marekani 2017 ilionekana kwamba ndani ya emajensi hiyohiyo kuna madaktari walioandika opioidi kwa 7% ya wagonjwa na wengine 24%, wagonjwa ni wa aina ileile! Mtu hajijui mpaka aone.

Wakati wa kumruhusu muulize anatumia dawa gani za usingizi, maana diazepamu juu ya opioidi inaweza kuzima pumzi. Mwambie wazi: "Kidonge hiki cha opioidi ni cha pale ibuprofeni na parasetamoli zimeshindwa, sio asubuhi mchana jioni. Usiendeshe gari, weka mbali na watoto, vikibaki rudisha famasi." Na yule mwenye hatari kubwa ya kuzidiwa na opioidi aondoke na naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya opioidi, huku ndugu yake akionyeshwa palepale jinsi ya kuitumia.