Kombe la mwalimu wetu: namna ya kumpata anayestahili

Kombe hili la kumkumbuka mwalimu wetu aliyefariki hutolewa kwenye marathoni, kwa mkimbiaji aliyevumilia kuliko wote. Mkitaka kuanzisha la kwenu, kwanza nendeni kwa familia ya marehemu. Sisi tulimwendea mjane wake kabla ya kununua hata kikombe. Ndiye aliyekataa bahasha ya fedha akataka zawadi iwe jozi ya viatu vya kukimbilia.

Aliyeshika namba moja asihesabiwe, ana medali yake. Hapa Mbulu jambo hili halihitaji maelezo: John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania mzaliwa wa hapa, alimaliza wa 57, wa mwisho kabisa, marathoni ya Mexico City mwaka 1968, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia.

Wekeni watu wawili wenye daftari kilomita ya 30 na ya 38, maana huko ndiko miguu hugoma. Waandike namba ya kifuani na walichokiona kwa macho. "Alijitahidi" haitoshi. Na msing'oe vigingi vya mstari wa kumalizia mapema! Mwaka wa kwanza tuling'oa, tukamkosa mwenye kombe.

Anayeyumba na kuropoka kwa joto, mtoeni, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji, mwiteni daktari. Naye aandikwe daftarini.