Stimingi ya saluni au ujipake mwenyewe nyumbani? Kwa sie wa Dodoma

Ikifika mwezi wa sita upepo ushaanza, vumbi linaruka kuanzia Nkuhungu mpaka Nzuguni, nywele zimekakamaa kama nyasi, na hapo ndo kila mtu anakuwa mtaalamu, mmoja anakwambia nenda saluni kapigwe stimingi (unapakwa tritmenti afu kichwa kinawekwa kwenye mashine ya mvuke), mwingine anakwambia acha kutupa hela, pasua yai ujipake. Wote wanaweza wakawa sahihi, inategemea nywele zako zina shida gani, kwaiyo kabla hujatoa hela wala hujapasua yai zipime kwanza.

Kupima ni rahisi. Osha nywele, zikiwa bado mbichi chukua unywele mmoja uliobaki kwenye chanuo, shika huku na huku uvute taratibu. Ukivutika kidogo afu ukarudi, huna shida, endelea na maisha. Ukikatika palepale bila kuvutika huo ni mkavu, unataka unyevu. Sasa ukivutika weee afu ukalegea tu haurudi, au ukaachia kama uzi uliooza, hapo proteini imepungua, na mara nyingi hawa ni watu wa dawa ya kunyoosha, rangi na pasi ya nywele kila wikiendi.

Kama ni ukavu, mimi nasema baki nyumbani. Dodoma mvua inatuonea huruma kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, miezi mingine yote hewa ni kavu, kwaiyo stimingi moja ya mwisho wa mwezi hata iwe nzuri vipi haiwezi kukushikilia wiki nne. Nywele kavu zinataka kitu kidogo ila cha mara kwa mara, kila wiki au kila baada ya wiki mbili, na kwa mtindo huo saluni itakufilisi. Afu tuambiane ukweli, kinachopakwa saluni mara nyingi ni kopo lilelile utakalolikuta Majengo sokoni au kwenye duka la vipodozi mtaani kwako. Unacholipia ni mashine ya mvuke, sinki, na mikono ya dada anayekuosha wewe umefumba macho (na hiyo mikono siidharau, kuna wadada wanajua kuosha kichwa mpaka unasinzia). Piga hesabu, kopo la gramu 500 kichwa cha kawaida kinakula kama gramu 50 kwa mara moja, kwaiyo gawa bei kwa kumi afu linganisha na bei ya saluni yako, ongeza na bodaboda na Jumamosi nzima ya kusubiri foleni.

Ila nyumbani usianze na kopo, anza na maji. Maji yetu mengi ni ya visima, yana chumvichumvi, unajua mwenyewe ukifua povu halitoki vizuri na birika linaota magamba meupe ndani. Hayo magamba ndo yanayobaki na kwenye nywele, yanafunika, kondishna inakaa juu juu tu afu unalaumu kondishna. Kama una maji ya mvua uliyokinga tumia hayo. Kama huna, baada ya shampuu changanya vijiko viwili vya siki kwenye lita moja ya maji, jimwagie, acha dakika mbili tatu, suuza. Harufu inaisha usiogope. Na usidhani saluni wamekwepa hili, wengi wanatumia maji hayohayo kutoka kwenye simtanki, kwaiyo uliza.

Baada ya hapo kamua nywele na tisheti ya pamba, zibaki na unyevunyevu sio zinachuruzika, maana zikichuruzika kondishna inateleza na maji. Gawa mafungu manne, paka kondishna nzito kuanzia kwenye ncha kupanda juu, ncha ndo kuukuu na ndo zinateseka, ngozi ya kichwa haihitaji. Pitisha vidole, sio chanuo la meno ya karibu. Vaa kofia ya plastiki ya kuogea (zamani tulikuwa tunavaa rambo, ile mifuko ya plastiki, tangu zipigwe marufuku Juni 2019 tumenyooka) halafu juu yake zungusha taulo lililolowekwa maji ya moto ukakamua vizuri. Taulo likipoa rudia. Au fanya kitu ambacho watu wa Dodoma tumepewa bure, toka nje na kofia yako ukae juani saa nane mchana na beseni la mchicha wa kuchambua, joto la kutosha kabisa. Dakika ishirini hadi thelathini zinatosha, kulala nayo usiku mzima hakuongezi kitu cha maana, nywele zikiloweka muda mrefu sana zinalegea.

Ukisuuza, paka livu-in (kondishna ya kuacha kichwani, haisuuzwi) zikiwa bado mbichi, juu yake ndo mafuta ya kufungia. Hapa watu wengi wanachanganya, mafuta sio unyevu, yanazuia tu unyevu usitoke, ukipaka kwenye nywele kavu umefungia ukavu. Ya nazi yanaingia ndani ya unywele, ya alizeti yanakaa zaidi juu, ya ubuyu huku kwetu yanapatikana na ni mepesi kiasi, ila chagua unachokimudu. Gliserini mimi kiangazi naiweka pembeni, kazi yake ni kuvuta unyevu kutoka hewani, sasa mwezi wa nane Dodoma hewani kuna unyevu gani wa kuvutwa?

Na yai jamani. Proteini ya yai bichi ni kubwa mno haipenyi kwenye unywele, inafunika tu kwa juu, na ukisuuza na maji ya moto linaivia kichwani unaanza kutoa vipande. Kula.

Saluni nenda kama kipimo chako kilikuwa kile cha kuvutika bila kurudi, au umebadilisha rangi, au dawa imekuunguza nywele zinakatika katikati. Hapo unahitaji ile proteini kali inayokaushwa kwenye draya mpaka nywele zinakuwa ngumu kabisa, na wakati ziko hivyo haziguswi wala hazichanwi, zinavunjika. Halafu lazima ifuatwe na kondishna ya unyevu sikuhiyohiyo. Nyumbani bila draya ni rahisi kukosea, na ukizidisha proteini nywele zinakakamaa upya. Kwaiyo lipia, ila usikae kama mgeni. Omba uone kopo, soma tarehe ya kuisha, uliza kama imekaguliwa na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) maana vipodozi viko chini yao tangu 2019. Taulo liwe safi, mapunye yanahama. Na wakikuletea keratini ya kunyoosha ambayo ikipigwa pasi macho yanawasha na chumba kizima kinakohoa, hiyo huenda ina formalini, kemikali yenye mvuke wa sumu, nyanyuka, hasa kama una mimba au umekuja na mtoto.

Kama kichwani kuna vidonda au sehemu imeota upara wa mviringo, sio saluni wala nyumbani, nenda hospitali.

La mwisho ni la wanaosuka. Tritmenti, iwe ya wapi, ifanye siku mbili tatu kabla ya kwenda kwa msusi, sio asubuhi yake, maana nywele zikiwa laini sana zinateleza mkononi, msusi anakaza zaidi ili zishike, na wa kwanza kuumia ni zile za pembeni kwenye paji la uso.