Somo: Jinsi ya kubishana mtandaoni hadi anayesoma aondoke na kitu

Ndugu zangu, hapa Uganda kila wiki tuna moto mpya mtandaoni. Leo bomba la mafuta la kwenda Tanzania, kesho chanjo, keshokutwa kodi ya intaneti au bili za umeme tangu kampuni ya Umeme iondoke Machi 2025 na shirika la serikali la UEDCL kushika usukani wa kusambaza umeme. Tunagombana usiku kucha, na asubuhi hakuna anayejua zaidi ya alichokijua jana. Hilo linaniuma. Wanaoandika kwenye ubishi ni wachache, lakini wanaosoma kimya ni wengi, na wao ndio bado hawajaamua. Mpinzani wako huenda asibadilike kamwe. Mwandikie huyo anayesoma kimya. Hatua zote hizi zinatoka hapo.

Hatua ya 1: Lishike dai lenyewe

"Mafuta yetu yanaibiwa" ni kilio, bado hakijawa dai. Usikijibu. Muulize mwenzako kwa upole: unamaanisha nini hasa? Akisema, "Hisa zetu kwenye bomba ni kidogo," sasa mna kitu cha kushika. Hisa zinajulikana: TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, shirika letu la mafuta la UNOC 15, TPDC ya Tanzania 15, CNOOC ya China 8. Mkishakubaliana hapo, bishaneni sasa kama 15 ni haki au ni dhuluma. Ubishi mwingi unaofika matusi ulikuwa haujafika hata hapa.

Hatua ya 2: Pima namba kabla hujaibeba

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo tunapoteleza zaidi.

Mnakumbuka Juni 2022? Msemaji wa Wizara ya Nishati na Madini alisema utafiti umeonyesha tani milioni 31 za mawe yenye dhahabu, na kwamba zingetoa tani 320,158 za dhahabu safi. Habari ikazunguka dunia. Watu walishaanza kugawana utajiri, wengine wakishaanza kulaani watakaouiba.

Chukua kalamu. Dhahabu yote ambayo binadamu amechimba tangu zamani za kale ni kama tani 200,000. Yaani tungekuwa na dhahabu kuliko yote iliyowahi kuchimbwa duniani, jana na leo. Hiyo pekee inatosha kukusimamisha. Endelea: gawa tani 320,158 kwa tani milioni 31. Unapata kilo 10 za dhahabu katika kila tani ya mawe. Migodi mikubwa duniani hupata gramu chache kwa tani, na gramu 10 ni mawe mazuri sana. Sasa badilisha neno moja tu. Weka "kilo" mahali pa "tani": kilo 320,158 ni tani 320, na tani 320 katika tani milioni 31 za mawe ni gramu 10 kwa tani. Hesabu imekaa. Mimi naamini vipimo vilichanganywa mahali fulani. Hata ukikataa maelezo yangu, namba ya kwanza haiwezi kusimama.

Tazama nilichotumia: kalamu, na mambo mawili ya kujua. Sikumtukana msemaji, wala sikuhitaji kuwa mjiolojia. Na hata tani 320 ni mali kubwa, kwa hiyo mjadala wa nani afaidike, pamoja na wachimbaji wadogo wa Busia na Mubende, unabaki palepale, safari hii ukiwa na namba inayoaminika.

Mafuta nayo yana mtego wake. Utaona mmoja anaandika mapipa bilioni 6.5, mwingine bilioni 1.4, kila mmoja akimwita mwenzake mwongo. Wote wako sawa. Ya kwanza ni makadirio ya mafuta yaliyoko ardhini, ya pili ni yale yanayoweza kutolewa. Ukikutana na namba mbili, uliza kwanza kila moja inapima nini.

Hatua ya 3: Jueni mnabishania nini

Kuna kilichopo, kuna kitakachokuja, na kuna kinachostahili. Kwamba bomba ni la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga, na kwamba lazima lipashwe moto kwa sababu mafuta yetu ni mazito yenye nta, hayo yapo, yanakaguliwa. Kwamba bei ya mafuta itakuwa nzuri miaka 15 ijayo ni utabiri, na hakuna wa kuapa. Kwamba nchi maskini ina haki ya kuchimba mafuta wakati dunia inapata joto, hilo ni suala la haki, na takwimu peke yake haitalimaliza. Nimeona watu wakirushiana takwimu kwa siku nzima juu ya jambo ambalo kwa kweli ni la haki. Semeni wazi: "Hapa hatutofautiani kwenye ukweli, tunatofautiana kwenye uzito." Joto hushuka hapohapo.

Hatua ya 4: Kubali hadharani pale mwenzako anapopatia

Ebola ilipotangazwa Mubende Septemba 2022, wengine walidai chanjo ipo na inafichwa. Wengine wakajibu hakuna chanjo ya Ebola kabisa. Kila upande ulishika nusu. Chanjo iliyoidhinishwa ilikuwepo, lakini ni ya aina ya Zaire; mlipuko wetu ulikuwa wa aina ya Sudan, ambayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Anayejibu, "Ni kweli chanjo ya Ebola ipo, ila hii ni aina nyingine," anasikilizwa. Anayejibu, "Acha ujinga," anamsukuma mtu aamini zaidi kwamba anafichwa kitu.

Hatua ya 5: Ondoka

Ukishaweka hoja yako na ushahidi, ukajibu mara moja au mbili, inatosha. Hoja haipigwi rungu, na wewe usigeuke rungu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mbale): Baba mkwe anatuma ujumbe wa uongo kuhusu dawa kwenye grupu la ukoo. Nikimsahihisha mbele ya watu ni kumvunjia heshima, nikinyamaza wengine wanaamini. Nifanyeje?

Jibu: Dada, mfuate inboksi kwanza. Mwandikie hivi: "Shikamoo baba. Ule ujumbe wa dawa nimeuulizia, nikaambiwa kipimo kile kinaweza kumdhuru mtu. Naomba ukiona vema utuambie wote." Mpe yeye nafasi ya kurekebisha. Wazee wengi hufanya hivyo kwa fahari. Kama jambo ni la hatari ya leo leo, weka maelezo sahihi kwenye grupu bila kumtaja.

Swali (Kampala): Kuna jamaa anatangaza weka shilingi 100,000 upate 300,000 kwa mwezi. Nikihoji naambiwa nina wivu.

Jibu: Rudi Hatua ya 2. Fedha inayozaa mara tatu kila mwezi, ukiiacha humo miezi 12, laki yako moja inakuwa zaidi ya shilingi bilioni 53. Weka hesabu hiyo mbele ya wote, kisha uliza maswali mawili tu: faida inatoka kwenye biashara gani, na nani amewapa leseni? Wakopeshaji wadogo wanasimamiwa na mamlaka ya UMRA chini ya sheria ya 2016, wanaopokea amana wanasimamiwa na Benki Kuu. Usimwite mwizi, huna ushahidi bado. Maswali yasiyojibiwa yatawatosha wasomaji.

Swali (Arua): Bando ni ghali na Facebook imefungwa tangu Januari 2021. Nitakaguaje mambo?

Jibu: Nakuelewa, kaka. Ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya 2018 iliondolewa Julai 2021, ikaja asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Lakini kugawa na kuzidisha hakuli bando. Kwa sheria na hukumu za Uganda, tovuti ya ULII inaziweka bure, na kurasa zake nyingi ni maandishi, nyepesi kuliko video moja.

Swali (Jinja): Naweza kukamatwa kwa kubishana?

Jibu: Mimi si wakili. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ni ya 2011. Kifungu chake cha 25, cha mawasiliano ya kuudhi, kilifutwa na Mahakama ya Katiba Januari 2023, lakini marekebisho ya 2022 yalikuwa yameshaongeza makosa mapya, likiwemo la kusambaza habari zenye nia mbaya na la maneno ya chuki. Mimi najadili matendo na nyaraka, siandiki kuhusu kabila la mtu wala mwili wake, na picha za skrini za mazungumzo ya faragha sizirushi. Ukiwa na jambo zito dhidi ya mtu mkubwa, ongea na wakili kabla hujabonyeza kutuma.