Karatasi ya labo inasema "AAN positif": isome hivi

Mama mmoja wa Kadutu aliketi kwenye benchi la labo yetu hapa Bukavu, karatasi mkononi, machozi yakimtiririka. Alikuwa amesoma neno moja tu, positif, na kwake neno hilo ni ukimwi. Tulikaa naye muda mrefu kumweleza kwamba kipimo chake hakikutafuta kirusi. Kilitafuta kingamwili, wale askari wa damu, ambao safari hii wameacha adui wakaugeukia mwili wenyewe. Somo hili ni lake, na ni la mdogo wangu pia, anayeishi na lupusi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe.

Hatua ya 1: tafuta jina la kipimo. AAN ni anticorps antinucléaires, yaani kingamwili zinazoshika kiini cha seli. Labo nyingine huandika FAN au ANA. Ni kitu kilekile. Maji ya damu yako humwagwa juu ya seli zilizooteshwa labo, inatiwa rangi inayong'aa kijani, kisha mtu anatazama kwa hadubini. Seli zikiwaka, kingamwili zipo.

Hatua ya 2: namba. Hapa ndipo wengi hupotea, basi twende polepole. Ponda pilipili kwenye kikombe cha maji, uonje. Inawasha. Ongeza maji yawe mara mbili, onja tena. Endelea hivyo mpaka ulimi usisikie kitu. Pilipili kali itakula maji mengi kabla ya kupoa. Damu nayo labo huifanya hivyo: sehemu moja katika 80, halafu katika 160, 320, 640. Namba iliyo kwenye karatasi ni pale mwanga ulipoonekana kwa mara ya mwisho. Kwa hiyo 1/640 ni kali kuliko 1/80, hata kama hesabu ya shule inakuambia kinyume.

Sasa shika hili. Katika watu 100 wazima kabisa, karibu 13 wana 1/80, na karibu 5 wanafika 1/160. Wanalima, wanauza samaki wa sambaza sokoni, hawaumwi kitu. Malaria, kifua kikuu na homa ya ini navyo vinaweza kuamsha AAN. Kanuni za mwaka 2019, walizokubaliana waganga wa Ulaya na Marekani kwa ajili ya kuainisha wagonjwa wa lupusi, zinaanzia 1/80, lakini huo ni mlango tu. Ukishaingia wanahesabu pointi za dalili: viungo, ngozi, damu, figo, mpaka zifike 10. Karatasi peke yake haimpi mtu ugonjwa. Ikiwa négatif, lupusi iko mbali sana, kwa sababu karibu wagonjwa wote wa lupusi wana AAN.

Hatua ya 3: sura ya mwanga. Homogène (mwanga sawasawa), moucheté (madoadoa) na kadhalika. Usipoteze usingizi, inamsaidia munganga kuchagua kipimo kinachofuata.

Hatua ya 4: vipimo vinavyofuata. Anti-ADN natif (kingamwili zinazoshika ADN, iliyomo ndani ya kiini cha seli) na anti-Sm ndizo zinazonyooshea lupusi kidole. Hizo herufi Sm zilitoka kwenye jina la mgonjwa mmoja wa Marekani, na kila ninapoziandika namkumbuka mtu huyo. Tazama pia C3 na C4, protini za damu zinazosaidia kinga: lupusi ikiwaka, mara nyingi hushuka, kwa sababu mwili unazitumia.

Hatua ya 5: mkojo. Damu ya AAN kwetu inasafirishwa nje ya mji, majibu yanakawia, na bei yake ni ya kuuza mbuzi. Kijiti cha mkojo kinasomwa hapahapa, dakika chache. Lupusi huingia kwenye figo bila maumivu, na protini yaweza kuonekana kwenye mkojo kabla miguu haijavimba. Mdogo wangu tulikaa miezi bila kumpima mkojo kwa sababu tulikuwa tunakusanya pesa za kurudia AAN. Kosa lilikuwa letu, figo zake ndizo zilizolipa.

Maswali tuliyoulizwa

*Mwalimu wa Bagira:* Yaya, nilikuwa na 1/160, sasa nina 1/320. Ugonjwa umepanda?

Hapana, mwalimu. Hiyo ni ngazi moja tu. Damu ileile ikipimwa mara mbili inaweza kutofautiana hivyo. Tena AAN haifuati ugonjwa unavyopanda na kushuka. Pesa hiyo ipeleke kwenye mkojo, anti-ADN natif, C3 na C4.

*Kijana wa Muhungu:* Natumia dawa za kifua kikuu, na AAN yangu ni positif. Niziache?

Usiziache, ndugu yangu. Isoniazidi, moja ya dawa hizo, inaweza kuamsha AAN, na wengi hawapati dalili yoyote. Mwambie munganga anayekutibu kifua kikuu, hasa kama viungo vinauma. Yeye ndiye atakayeamua.

*Mama wa Nguba:* Nina mimba, na karatasi imeandikwa anti-SSA.

Mama, hongera kwa mimba. Kingamwili hiyo hupita kwa mtoto, na katika mimba kama 2 kwa kila 100 inaweza kugusa mapigo ya moyo wake. Omba moyo wa mtoto usikilizwe mara kwa mara, hasa kati ya juma la 18 na la 26. Kama unatumia hidroksiklorokini, dawa ya lupusi, usiiache bila munganga kusema.

*Dada wa Panzi (aliomba jina lisitajwe):* Nina lupusi. VDRL, kipimo cha kaswende, imetoka positif, na mume wangu amehamia kwa kaka yake.

Dada, pole sana. Wenye lupusi wengine wana kingamwili zinazoshika mafuta yaleyale yaliyomo kwenye dawa ya VDRL, na kipimo kinadanganyika. Omba TPHA, inayotafuta kingamwili za kijidudu cha kaswende chenyewe. Ikitoka négatif, njoo na mume wako labo; nitamfungulia karatasi zote mbili mezani na kumwonyesha mstari kwa mstari.