Jinsi ya kulifukua neno la Kiingereza mpaka mzizi: tuanze na "bank"

Nafundisha tuisheni ya Kiingereza, na hii ndo njia ninayotumia kila wiki, neno moja tu, unahitaji daftari na simu yenye bando basi.

Hatua ya 1. Usikimbilie kamusi. Andika kwanza sentensi ulizokutana nazo. Mwanafunzi wangu wa form two alisoma "the boys sat on the bank and fished" akaandika wavulana walikaa juu ya benki wakavua samaki, na wala sio uzembe, kichwani alikuwa na maana moja tu ya hilo neno. Ongeza na hizi: "she works in a bank", "the plane banked left", "you can bank on me".

Hatua ya 2. Sasa fungua kamusi utafute kale kanamba kadogo pembeni ya neno, 1 au 2, wengi wanakaruka. Namba tofauti maana yake neno liliingia kwenye Kiingereza kwa njia tofauti. Ukingo wa mto na ndege kulala upande utavikuta pamoja, manake ndege ikikata kona inainama kama ule mteremko wa ukingo. Hela na kumtegemea mtu viko pamoja namba nyingine.

Hatua ya 3, hapa tulia kabisa. Shuka mpaka palipoandikwa origin au etymology. Bank ya mto imetoka kwenye lugha ya Waviking, wale watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9. Bank ya hela ni Kiitaliano, banca, ikapitia Kifaransa, na banca lilikuwa ni benchi au meza ya mtu anayebadilisha pesa, afu bankrupt imetokana na banca rotta, yani benchi lililovunjika! Ukizidi kuchimba unakuta Waitaliano nao walilichukua kwenye lugha za kale za ukoo wa Kijerumani (Germanic), ukoo ambao lugha ya Waviking nayo imo, kule kule ilikotoka bank ya mto na neno bench, kwa hiyo zile namba mbili zina babu mmoja, walipotezana njiani tu.

Hatua ya 4. Chora huo ukoo, babu juu, wajukuu chini. Chini kabisa andika benki na benchi za kwetu, zote tumezitoa kwa Waingereza, na ndo pale darasa langu linaposhtuka kuona kumbe ni ndugu.

Hatua ya 5. Tunga sentensi yako kwa kila maana, iwe ya maisha yako, mfano "we washed our clothes on the bank of the Ruvu". Baada ya wiki rudia bila kuchungulia daftari.

Ukishaiweza hiyo chukua bark, kubweka kwa mbwa na gome la mti, uanze na kale kanamba.