Kumjengea kinyonga kibanda cha nje: mbao, waya, dripu na siafu

Binamu yangu wa Kisumu amekuwa akinipigia simu kuuliza kipimo hiki na kile, mpaka nimeona afadhali niandike yote mahali pamoja. Mimi niko Nakuru, kwenye mita kama 1,850 juu ya bahari, na kibanda changu kimesimama barazani upande wa mashariki. Yeye yuko chini huko karibu na ziwa, mita 1,130 hivi, na joto lake si la kuchezea. Pale ambapo tofauti hiyo inabadilisha kazi, nitasema.

Kabla ya msumeno, kibali. Kinyonga ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 humfugi bila idhini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hata kama umemwokota kwenye ua wako mwenyewe. Vinyonga wetu pia wamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kumvusha mpaka ni kesi nyingine kabisa. Kama huna karatasi, acha kusoma hapa na umwache kwenye ua.

Hatua ya 1: Fremu

Futi 2 kwa 2, kimo futi 4, kwa kinyonga mmoja. Nasema mmoja. Hawa si kuku. Kumwona mwenzake kila siku kunamkondesha. Kimo ni muhimu kuliko upana kwa sababu anajisikia salama akiwa juu ya macho ya watu.

Nunua mbao ya sayprasi ya inchi 2 kwa 2 iliyokauka na kupigwa randa, futi 40 hivi, na futi 15 za inchi 2 kwa 1 za mlango. Miguu minne iwe ya futi 5, ili futi nzima ibaki chini ya sakafu. Usikubali kukatiwa hiyo futi eti mbao inapotea. Utaiona kazi yake kwenye siafu. Mbao iliyotiwa dawa ya mchwa isikaribie kabisa. Tumia skrubu badala ya misumari, maana siku moja utataka kukifungua. Kukata na kuunga sielezi. Fundi yeyote wa mtaani akionyeshwa vipimo anamaliza asubuhi moja.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisitumie tangi la kioo la samaki, si lipo tayari? Hapana. Hewa haipiti, joto linapanda haraka, anajiona kwenye kioo akidhani ni adui, na kioo huzuia ile miale ya jua ya UVB ambayo mwili wake unaihitaji kutengeneza vitamini D. Bila hiyo hawezi kutumia kalisi, na mifupa inaanza kupinda.

Hatua ya 2: Waya na mlango

Kwenye hadwea utaonyeshwa aina tatu. Waya wa kuku una matundu makubwa, panya anapita akipiga mluzi. Wavu wa mbu wa chuma ni mwembamba mno: kucha zinakwama, na kinyonga anayesukuma pua akitafuta njia anajichubua. Chukua kofi trei, ile ya kuanikia kahawa, na ukipata iliyopakwa plastiki usijadili bei sana. Ifungie upande wa nje wa fremu, kunja kingo, kisha zifunike kwa bidingi, vile vibanzi vyembamba vya mbao. Ukimaliza, ingiza mkono na upitishe mgongo wa kiganja kwenye kila kona. Penye kukukwaruza wewe patamchana yeye.

Mlango uwe upande wote wa mbele, si kidirisha cha juu. Mkono unaoshuka kutoka juu, kwake yeye ni ndege mwindaji.

Hatua ya 3: Sakafu

Waya ule ule, juu ya vipande viwili vya mbao vilivyopita katikati ili kubeba vyungu. Chini yake ning'iniza sinia la kuchomoa. Udongo usiuweke, unaoza.

Hatua ya 4: Siafu

Hapa ndipo jioni zangu zimeishia, na hapa ndipo wengi wa magharibi mwa Kenya wanapoteza wanyama. Sungura, vifaranga, kinyonga, siafu hawachagui. Msituni kinyonga akisikia wanapanda anaweza kujiachia kutoka kwenye tawi na kwenda zake. Ndani ya kibanda hana pa kwenda, na wao huja usiku akiwa amelala mwishoni mwa tawi, amepauka kabisa, hana habari. Hakuna waya utakaowazuia. Kinachowazuia ni maji kwenye miguu ya kibanda, yakiwekwa sawasawa.

Tafuta mikebe minne mipana, ile ya mafuta ya kupikia ya kilo mbili inafaa. Katikati ya kila mkebe weka jiwe bapa au kipande cha tofali kinachozidi kimo cha maji, kisha simamisha mguu juu yake. Ukiuzamisha mguu ndani ya maji mbao itaoza na kibanda kitalegea. Jiwe liache nafasi ya vidole vitatu kila upande, kwa sababu siafu wakiwa wengi hushikana na kujenga daraja kwa miili yao.

Maji matupu hayatoshi. Mdudu mwepesi hutembea juu yake, na kwa Kisumu mkebe wa maji yaliyotulia ni shamba la mbu. Matone machache ya sabuni ya vyombo yanatatua yote mawili: uso wa maji unalegea, siafu anazama, na viluwiluwi vya mbu havipati pa kupumulia. Oili chafu ya gari sitaki kuisikia. Inafanya kazi, ndiyo, lakini harufu inapanda moja kwa moja kwa mnyama na siku ya mvua inafurika barazani.

Sasa sehemu ambayo watu wanairuka. Mikebe inaweza kuwa mizuri na siafu wakapita kwingine. Kibanda kikae futi moja kutoka ukutani. Jani la ua lisikiguse, kamba ya nguo isikiguse, paa lake lisigusane na mabati ya nyumba, na chupa ya maji isitundikwe kwenye msumari wa ukutani. Chochote kinachounganisha kibanda na dunia ni barabara. Majani makavu yanayoangukia mkebeni nayo ni daraja, kwa hiyo angalia kila jioni unapofunga kuku. Januari na Februari, jua likiwa kali, maji yanakauka kabla hujatarajia. Mvua kubwa nayo inaosha sabuni yote, mimina upya.

Jivu? Bibi zetu walilitumia na linasaidia, mpaka umande uanguke. Dawa ya unga ya kuua wadudu, kamwe, hata nje ya kibanda. Panzi anayeipitia ndiye atakayeliwa kesho.

Ukikuta msafara tayari umezunguka mikebe usiku, usimwage maji ya moto gizani kwa hofu. Mtoe kinyonga pamoja na tawi lake, mlaze ndani ya nyumba kwenye boksi lenye matundu, uwaache wapite. Kwa kawaida asubuhi wamehama.

Hatua ya 5: Jua na kivuli

Jua la asubuhi moja kwa moja, na kivuli anachoweza kukifikia kwa hatua mbili. Paa lote ni waya. Nusu yake funika kwa shedi neti iliyokunjwa mara mbili, ile ya wakulima wa maua wa Naivasha. Mabati usiweke, hasa Kisumu, utamwoka.

Mnyama mwenyewe atakuambia kama umepatia. Saa mbili asubuhi hapa Nakuru anageuza ubavu kwenye jua, anajibana kuwa bapa na kuwa mweusi upande huo tu, upande wa pili ukibaki kijani. Huyo anaota jua, mwache. Akipauka na kuachama mdomo, amezidiwa na joto. Ongeza kivuli mara moja. Wa nyanda za juu kama kinyonga wa Höhnel, yule mwenye kichwa kilichoinuka nyuma na kipembe kifupi puani, havumilii joto la mchana wa Kisumu. Binamu, kama kibali chako ni cha huyo, kibanda kikae chini ya mwembe. Baridi ya Julai ya Nakuru ataistahimili, mradi asilale amelowa huku upepo unampiga. Funga nailoni upande upepo unakotoka.

Hatua ya 6: Matawi na mimea

Matawi ya mpera, unene kati ya penseli na kidole gumba, mengi yakilala kimlalo kwa kimo tofauti. Mguu wake uweze kulikumbatia tawi. Hibiskasi kwenye chungu ndiyo mmea ninaoupenda kuliko yote: majani mengi, hauna sumu, unapogoleka. Lantana, mnyaa na oleanda visiingie. Mche wa kununua kando ya barabara huwa umepigwa dawa. Uoshe majani, badilisha udongo, uache nje wiki kadhaa kwanza.

Hatua ya 7: Maji

Bakuli la maji ni kupoteza muda. Kinyonga hunywa matone yanayong'aa kwenye majani. Nenda duka la dawa ununue seti ya dripu, ile wanayotundikiwa wagonjwa, ukate upande wa sindano. Choma ncha ya upande wa pili kwenye kifuniko cha chupa ya lita mbili, toboa kishimo kitakoni ili hewa iingie, itundike kichwa chini kwenye fremu ya kibanda chenyewe. Kwa kile kigurudumu cha dripu rekebisha mpaka tone lianguke kila sekunde moja au mbili juu ya hibiskasi. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Usikate tamaa asipokunywa papo hapo. Ataliangalia tone kwa jicho moja kwa muda mrefu kabla hajasogea. Mimi hutumia maji ya mvua. Ya visima vya Nakuru yana floraidi nyingi, meno yetu ni ushahidi.

Kinyesi chake kina sehemu nyeupe. Ikiwa nyeupe kweli, maji yanamtosha. Ikigeuka rangi ya chungwa, ongeza.

Kwa wenye jike

Kinyonga wa Höhnel na yule wa pembe tatu huzaa watoto hai, hawana shida ya kutaga. Lakini wa nyanda za chini kama *Chamaeleo gracilis* hutaga, na asipopata pa kuchimba mayai yanamkwamia tumboni na kumuua. Ukimwona anashinda chini siku nzima akikwaruza waya, siku hiyo hiyo mwekee ndoo yenye futi moja ya mchanga uliochanganywa na udongo, wenye unyevu wa kushikana ukiufinya. Kisha funika pande tatu za kibanda kwa shuka, maana akiona watu ataacha shimo katikati.