Jinsi ya Kujiandaa kwa Kujifungua Katika Miezi Mitatu ya Mwisho

Usiku niliposhikwa na uchungu wa mtoto wangu wa kwanza tulikuwa tunaishi Kigamboni, ng'ambo ya maji kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam, na kilichotuchelewesha kutoka nyumbani ni kadi ya kliniki. Begi lilikuwa mlangoni tangu wiki mbili nyuma na nguo za mtoto zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa, lakini kadi nilikuwa nimeiweka chini ya godoro baada ya hudhurio la mwisho nikaisahau, na mume wangu akapekua kabati zima kwa mwanga wa simu huku dereva wa bajaji akisubiri nje. Tulipofika, muuguzi aliniuliza kundi langu la damu, nami sikulijua. Tangu usiku ule nimejifungua mara mbili zaidi na nimewasindikiza wadogo zangu na majirani kadhaa, na kila mara nimeona jambo lile lile: mama kijacho hujiandaa sana kwa vitu na kidogo mno kwa maswali atakayoulizwa usiku wa manane. Kwa hiyo maelekezo haya yanaanza na maswali hayo, na nguo za mtoto zitafuata baadaye.

Mimba huhesabiwa kuwa imekomaa kuanzia wiki ya 37, na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, yaani mwisho wa wiki ya 40, ni makisio tu, kwa kuwa watoto wanaozaliwa siku hiyo hiyo ni wachache. Mimi humshauri kila anayeniuliza ahakikishe mambo yote yako tayari ifikapo wiki ya 34, ili hata mtoto akiwahi asiwakute mnahangaika.

Swali la kwanza ni mahali pa kujifungulia. Muulize muuguzi wa kliniki, bila kuona haya, kama hali yako inaruhusu ujifungulie zahanati au kituo cha afya, au unapaswa kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji. Aliyewahi kupasuliwa, mwenye shinikizo la juu la damu, mwenye mapacha, mwenye mtoto aliyekaa vibaya tumboni au aliyewahi kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua hapaswi kuliacha jambo hili kwa bahati. Ukishajua mahali, fanyeni safari hiyo mara moja mchana, kisha jiulizeni itakuwaje saa nane ya usiku. Sisi wa Kigamboni tunalielewa vizuri swali hili: kabla ya Daraja la Nyerere kufunguliwa mwaka 2016, mtu alitegemea pantoni ya Magogoni au alizunguka njia ndefu ya Kongowe. Sasa daraja lipo, lakini dereva hatatokea mwenyewe. Andikeni namba za madereva wawili au watatu wa bajaji au teksi wanaolala karibu nanyi, zungumzeni nao mapema, na mpatane nauli ya usiku kabla ya siku yenyewe. Kwa dharura, Tanzania ina mfumo wa usafiri wa wajawazito na watoto wachanga uitwao m-mama, unaopatikana kwa kupiga 115 bila malipo. Namba hiyo iwe kwenye simu yako, ya mume wako na ya jirani.

Swali la pili ni msindikizaji. Chagua mtu mmoja anayejua kukaa kimya, anayepokea simu usiku na asiyeogopa kuuliza maswali kwa adabu, awe mama yako, dada, wifi au mume, kisha mweleze mapema kwamba umemchagua. Kama una watoto wengine, amua leo nani atakaa nao, kwa sababu nimeshuhudia mama akiwa katika uchungu mkali huku bado anapiga simu kutafuta wa kumwachia mtoto wa miaka mitatu. Chagua pia ndugu wawili wenye afya ambao wako tayari kutoa damu ikihitajika. Kundi lako la damu lijue kwa kichwa, na kama ni hasi, muulize daktari kuhusu sindano ya kinga itolewayo kwa akina mama wa kundi hilo, kwa kuwa huhusu pia usalama wa mimba zitakazofuata.

Pesa inahitaji maneno machache tu. Sera ya nchi inasema huduma za uzazi katika vituo vya umma hutolewa bila malipo, lakini kila mama anayekwenda kliniki anajua kwamba vifaa vingine huombwa aje navyo. Uliza kituo chako kinataka nini hasa, nunua kidogo kidogo kila mwezi, na tenga fedha ya dharura ambayo haitaguswa kwa matumizi mengine ya nyumbani.

Sasa begi. Vifaa ambavyo vituo vingi huomba ni glovu, pamba, mpira wa kutandika kitandani, wembe mpya usiofunguliwa, vibanio au uzi safi wa kufungia kitovu, sindano, beseni na sabuni. Maduka mengi ya dawa huviuza vikiwa vimefungwa pamoja. Vyako mwenyewe ni khanga nne au tano, gauni au dera linalofunguka mbele ili unyonyeshe kwa urahisi, chupi za pamba zilizolegea, pedi kubwa, ndala, mswaki, chupa ya chai na kikombe. Vya mtoto ni vichache kuliko watu wanavyodhani: khanga mbili laini zilizokwisha fuliwa mara kadhaa, kofia, soksi, fulana tatu, nepi, na shuka nene la kumfunikia. Namna ya kuvipanga ni muhimu kuliko idadi yake. Tumia mifuko miwili ndani ya begi moja: mfuko wa kwanza uwe na vifaa vya kujifungulia pamoja na khanga mbili za mtoto na kofia, kwa maana ndivyo mkunga atakavyovitaka mtoto akitoka; mfuko wa pili uwe na mengine yote ya baadaye. Khanga ya kumpokelea mtoto ikunje peke yake, juu kabisa, ili msindikizaji aingize mkono na kuitoa bila kumwaga begi lote sakafuni. Kadi ya kliniki, kadi ya bima kama unayo, na karatasi yenye kundi la damu na namba za simu ziwe kwenye mfuko wa nje wa begi, na kila ukirudi kliniki rudisha kadi humo humo kabla hujavua viatu.

Katika familia nyingi za pwani, wazee hawapendi nguo za mtoto zinunuliwe mapema, kwa hofu ya kumtabiria mabaya. Sioni sababu ya kugombana nao. Nunua vichache, viache kwa dada au shoga yako, na uhakikishe msindikizaji anajua vilipo. Lakini lipo jambo moja ambalo heshima kwa wazee haipaswi kulifunika: dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu. Zinaweza kusababisha mfuko wa uzazi kukaza kupita kiasi, mtoto akakosa hewa, na hata mfuko wenyewe kupasuka. Ukipewa, pokea kwa adabu, shukuru, na usinywe. Na kama umeshakunywa, mwambie mkunga ukweli, kwa sababu akijua atakuangalia kwa ukaribu zaidi.

Wasiwasi wa kila siku katika miezi hii mara nyingi huanzia usiku. Usingizi hukatika, kiungulia hupanda, miguu hukaza misuli, na haja ndogo haiishi. Kula kidogo kidogo mara nyingi, usilale mara tu baada ya kula, inua kichwa kwa mito miwili, na lala kwa ubavu, hasa wa kushoto, huku umeweka khanga iliyokunjwa kati ya magoti. Ukiamka na kujikuta umelala chali usiingiwe na hofu, geuka tu. Miguu kuvimba jioni baada ya kusimama mchana kutwa ni jambo la kawaida kwa wengi. Vidonge vya madini ya chuma vimeze kila siku kama ulivyoelekezwa, kwa maji au juisi ya chungwa, mbali na muda wa chai, kwa kuwa chai huzuia madini hayo kufyonzwa vizuri. Choo kikiwa cheusi ni kwa sababu ya vidonge na hakina madhara. Kama unatamani sana pemba, ule udongo wa kula, usifiche. Tamaa ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kukuletea minyoo, kwa hiyo omba upimwe wingi wa damu. Chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu, na ni bora urekebishwe sasa kuliko kukutwa nao siku ya kutokwa na damu. Endelea kulala ndani ya chandarua chenye dawa na kumeza dozi za SP za kukinga malaria unapopewa kliniki, isipokuwa kama umeambiwa kuwa dawa unazotumia haziendani nazo.

Hofu nyingine kubwa ni kucheza kwa mtoto, na hapa naomba nieleweke vizuri. Kuna msemo kwamba mtoto hupunguza kucheza mwishoni kwa kuwa nafasi imekwisha. Si kweli. Namna ya kucheza inaweza kubadilika, mateke yakawa misukumo na kujinyoosha, lakini mtoto mwenye afya huendelea kucheza mpaka uchungu unapoanza na hata wakati wa uchungu. Ijue kawaida ya mtoto wako: anachangamka saa ngapi, baada ya chakula au unapolala. Ukiona amepunguza au amenyamaza tofauti na kawaida yake, nenda kituoni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama ulikwenda juzi ukaambiwa yuko salama. Muuguzi atakayekulaumu kwa kwenda bure amekosea, wewe hujakosea.

Nenda haraka vilevile ukitokwa na damu ukeni, ukiumwa kichwa kikali kisichotulia, ukiona ukungu au vimulimuli machoni, ukisikia maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono ikivimba ghafla, au ukipata homa. Shinikizo la damu la 140/90 au zaidi si la kupuuza katika ujauzito, na kifafa cha mimba mara nyingi hutanguliwa na dalili hizo za kichwa na macho. Degedege la mjamzito si shetani wala pepo. Mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu mdomoni, na mkimbizeni hospitali.

Uchungu wa majaribio huja bila mpangilio na mara nyingi hutulia ukitembea, ukinywa maji au ukioga. Uchungu wa kweli huzidi nguvu, hurefuka na husogeleana, na mara nyingi huanzia kiunoni kuzunguka mbele. Kwa mimba ya kwanza, ukifika kila baada ya dakika 5 kwa muda wa saa moja, ondokeni. Anayeishi mbali au aliyewahi kuzaa asisubiri kufika hapo. Ute wenye michirizi ya damu huonyesha kwamba wakati umekaribia. Chupa ikipasuka nenda kituoni hata kama huna maumivu, angalia saa na rangi ya maji, na yakiwa ya kijani au ya kahawia liseme hilo mlangoni kabla hujaulizwa jina.

Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anatakiwa kumwarifu mwajiri miezi 3 kabla, akiambatanisha cheti cha daktari, na anaweza kuanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe ya makisio. Akirudi kazini ana haki ya hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Mume naye ana siku 3, ambazo napenda azitumie kufua, kupika na kupokea wageni.

Mtoto akizaliwa salama, omba awekwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Maziwa mazito ya njano ya siku za mwanzo, yaani dang'a, si machafu na hayakamuliwi kutupwa. Ni kinga yake ya kwanza. Hahitaji maji, asali wala maji ya sukari. Kumwogesha kusubiri saa 24 ili asipoteze joto, na kitovu kiachwe kikavu bila samli, majivu wala mafuta, isipokuwa dawa uliyopewa na mkunga. Haya yote yazungumzeni na bibi wa mtoto sasa, mkiwa mmekaa mkekani kwa utulivu, kwa sababu siku atakapokuja na bakuli la maji ya uvuguvugu wewe utakuwa umechoka mno kubishana, na ni vizuri msindikizaji wako awe tayari anajua la kumwambia: "Mama, tusubiri mpaka kesho, mkunga ametuelekeza hivyo."